Naomba ushauri: kwenye kikao cha posa ya mpwa wangu, nitangulize dini au sheria ya nchi?

Mjomba wa Pongwe
Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote. Mpwa wangu ana miaka 16, amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo, na tayari ameletewa posa. Shemeji yangu, ambaye ndiye baba na ndiye walii, yaani msimamizi wa kumwozesha, ameikubali kwa hoja kwamba binti amekwisha baleghe, kwamba dini haikuweka umri, na kwamba anayetaja miaka 18 anatuletea maadili ya serikali isiyo na dini. Vijana wa ukoo wanajibu kwamba dini ndiyo inayoturudisha nyuma. Mimi ni mjomba tu, na posa hii naipinga, lakini hoja zote mbili zinanikwaza. Nitangulize ipi, na je, ni kweli kwamba jamii hustaarabika kwa kuiweka dini kando?

Karani Mstaafu
Tanguliza sheria, kwa sababu ndiyo inayowafunga nyote, anayeswali na asiyeswali. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliziweka ndoa za msikitini, za kanisani, za kimila na za bomani chini ya sheria moja na kudai ridhaa ya hiari ya wanaooana. Hata hivyo, sheria hiyohiyo iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya baba, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alipovipinga vifungu vya 13 na 17 vilivyoruhusu hayo, Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 2016. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa mwaka 2019. Shemeji yako akidai kwamba ndoa hiyo inapingwa na dola isiyo na dini, mkumbushe kwamba dola hiyo ndiyo iliyoitetea mahakamani.

Bint Makorora
Mpangilio huo siuafiki. Nafundisha madrasa, na nawajua akina baba hawa: aliyejiaminisha kwamba anamtii Mungu hatishwi na hukumu, ataozesha usiku sebuleni, na sheria itapata habari mimba ikiwa imeshaingia. Mkabili ndani ya dini yake. Aya ya 6 ya Suratun Nisaa, inapowazungumzia mayatima, inataja kufikia umri wa kuoa, kisha inataka waonekane wamekomaa akili kabla ya kukabidhiwa mali zao. Muulize kama angemkabidhi binti huyo duka lake. Hadithi sahihi nazo zinataka bikira aombwe idhini. Je, mpwa wako ameulizwa akiwa peke yake? Mpaka sasa tunajadili dini na dola, na yeye hatujamsikia.

Mwana wa Mkunazini
Nijibu swali la pili. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash aliutia saini baada ya Uingereza kumtishia kwa manowari, na kwenye kiwanja chake likajengwa kanisa la Kianglikana. Wengi husimulia kisa hicho kama ushindi wa dini, ilhali waliouza na walionunua watumwa, huku pwani na kule ng'ambo, walikuwa watu wa ibada vilevile. Wasio na dini nao wasijisifu: Ufaransa ya mapinduzi ilifuta utumwa mwaka 1794, Napoleon akaurudisha mwaka 1802. Albania ilipiga marufuku dini zote mwaka 1967, na haikuwa nchi ya haki kwa hilo. Kwa maoni yangu, mambo husogea pale waumini wanapokataa kuwaachia wenzao tafsiri, na dola ikawa na nguvu ya kukataza.

Mjomba wa Pongwe
Nashukuru nyote. Dada yangu amemwuliza binti leo jikoni, wakiwa wawili tu. Anataka kidato cha tano. Mbele ya wageni wa posa alinyamaza kwa sababu shangazi yake alimwambia kwamba kunyamaza ndiyo adabu, kisha wazee wakauhesabu ukimya huo kuwa idhini. Kesho baada ya Alasiri nitamwendea shekhe anayetarajiwa kufungisha ndoa, nimweleze hilo kabla ya hoja nyingine yoyote. Karani, kikao kikishindikana, pingamizi hupelekwa kwa nani?

Karani Mstaafu
Kwa yule aliyepokea taarifa ya kusudio la ndoa, ambayo hutakiwa kutolewa angalau siku 21 kabla, awe msajili wa wilaya au shekhe mwenye leseni. Andika kwa maandishi kwamba binti hakuridhia, na nakala ubaki nayo.