MREJESHO: Morris Minor iliyokuwa inazima kwenye mataa

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kuhusu gari langu, Morris Minor ya 1965, injini ya cc 1098, inayotoa moshi mweusi na kuzima kwenye mataa. Mlisema nianze na kabureta (inayochanganya petroli na hewa) ya aina ya SU, na kweli tatizo lilikuwa hapo. Sindano ya floti, ile inayofunga petroli ikijaa, ilikuwa imelika, petroli inafurika. Plagi zote nyeusi tii kwa masizi. Nimeweka sindano mpya, nikapandisha jeti (tundu la kupitishia petroli) kidogo kidogo kupunguza mafuta, maana huku Arusha tuko juu, hewa nyepesi. Sasa nikiinua kidogo tu pistoni iliyo ndani ya kabureta, mzunguko wa injini unapanda kwa muda mfupi kisha unarudi ulipokuwa, ishara kuwa mchanganyiko uko sawa. Hapo nikaacha. Oili ya dampa, inayotuliza mwendo wa pistoni hiyo, nayo ilikuwa imekauka kabisa (aibu yangu!). Kabureta ya pili mliyonishawishi nifunge, tusubiri mshahara.