Kodi ya F inanishinda: tatizo ni vidole vyangu au ni gita?

Mjifunzaji wa Pasua, Moshi

Habari za jioni, ndugu zangu. Nina umri wa miaka 41, na miezi miwili iliyopita nilinunua gita lililotumika, la nyuzi za chuma, kutoka kwa kijana aliyekuwa anahama. Ninajifunza mwenyewe kila usiku watoto wakishalala. Kodi za Em, G, C na D (za muziki, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si zile za mapato) nimezimudu kwa kiasi, lakini F imenikatalia kabisa: hata nikibana kwa nguvu zangu zote, nyuzi mbili hutoa mlio mkavu kama wa debe. Rafiki mmoja ananishauri nitoe nyuzi za chuma niweke za nailoni. Mwingine anasema umri umenipita. Naombeni ushauri.

Fundi wa Kijenge, Arusha

Ndugu, kabla hujavilaumu vidole, likague gita lenyewe. Chukua rula ya shule upime nafasi iliyopo kati ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gita, huhesabiwa kuanzia upande wa vikazio) na uzi ulio mnene kuliko yote. Gita la nyuzi za chuma lililorekebishwa vizuri huwa na takriban milimita 2 hadi 2.5, ukikuta 4, unapigana na mbao, hujifunzi muziki. Kisha bana uzi huohuo kwenye freti ya 3 na uangalie juu ya freti ya 1: panapaswa kubaki upenyo mwembamba kama karatasi. Ukiwa mkubwa zaidi, kizingiti kile ambacho nyuzi hupitia kuelekea kwenye vikazio kiko juu mno, na F, ambayo hubanwa kwa kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi kwenye freti ya kwanza, jirani kabisa na kizingiti hicho, ndiyo huumia kuliko kodi nyingine zote. Kazi ya kuchimba mifereji yake, ile ambayo nyuzi hukaa, mwachie fundi mwenye tupa nyembamba, kwa sababu ukipitiliza kidogo tu uzi utakuwa unakwaruza hata usipobanwa.

Kuhusu nailoni, sikushauri. Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma huvuta gita kwa nguvu ya takriban kilo 70, na ya nailoni kama kilo 40, kwa hiyo gita lililojengwa kwa ajili ya chuma likifungwa nailoni hupooza sauti. Kosa la kinyume chake ni baya zaidi: nimeshagundisha upya madaraja kadhaa (vile vibao vya tumboni mwa gita vinavyoshikilia nyuzi) yaliyong'oka kwa sababu mwenyewe alifunga chuma kwenye gita la nailoni. Wewe tafuta nyuzi za chuma zilizo nyembamba, seti inayoanzia 10 badala ya 12 (namba hiyo ni unene wa uzi mwembamba kuliko yote, kwa sehemu za elfu za inchi).

Alto wa Majengo, Moshi

Kaka, maneno ya fundi ni ya kweli, ila mimi ninauliza: haraka ya F inatoka wapi? Kama umewahi kuimba kwaya unazijua do, re, mi, na hiyo ni mali kubwa ambayo wengi huiacha kanisani. Ukiichukua G kuwa do, kodi ya G ni do-mi-so, C ni fa-la-do, na D ni so-ti-re; ndani ya kodi hizo tatu zimo noti zote saba za ngazi, na ndiyo maana nyimbo nyingi za ibada husindikizwa kwa hizo tu. Waimbaji wakitaka kupandishiwa, funga kepo (kibanio kinachobana nyuzi zote kwa pamoja) kwenye freti ya 2, upige maumbo yaleyale, nao wataimba katika A. Mimi nilikaa karibu mwaka mzima bila F, na hakuna mwimbaji aliyelalamika.

Unachokihitaji sasa ni kuhama haraka kutoka kodi moja hadi nyingine. Weka saa ya dakika moja, uhesabu ni mara ngapi umetoka G ukafika C huku nyuzi zote zikilia safi, na uandike idadi hiyo kwenye daftari kila siku.

Mzee wa Sakina, Arusha

Mwanangu, mimi nilijifunza gita la kati katika bendi ya dansi, na hatukuwa na rula. Kidole cha shahada usikilaze kifudifudi, kigeuze kidogo ubavuni ambako mfupa uko karibu na ngozi, na kikae kikiegemea freti badala ya kuachwa katikati ya nafasi. Dole gumba lishuke nyuma ya shingo ya gita. Anayebana kwa nguvu zote amekosea mahali, kwa maana nguvu hutoka kwenye mkono mzima ukivutwa nyuma, si kwenye vidole pekee. Na huyo anayezungumzia umri mwulize yeye alianza lini.

Mjifunzaji wa Pasua, Moshi

Shikamoo, Mzee, na asanteni nyote. Nilipima nikakuta milimita 3.5, na kwenye freti ya 1 upenyo ulikuwa unapitisha kadi ya simu bila kugusa. Fundi mmoja wa hapa mjini amechimba mifereji ya kizingiti na kufunga seti ya 11, kwa kuwa ya 10 haikupatikana. Jana usiku nilikigeuza kidole ubavu kama nilivyoelekezwa, na nyuzi tano kati ya sita zikalia. Wa pili kutoka chini ndio bado umenuna. G kwenda C nimefikisha mara 19 kwa dakika.