Mtihani wa sheria: maswali marefu yanajibiwaje?

BintiChake
Assalaamu alaykum wakubwa zangu. Mtihani wa sheria, ngazi ya stashahada, ni wiki tatu kutoka leo. Karatasi ni ya saa tatu, unachagua maswali manne katika sita, kila moja alama 25. Vifungu vimehifadhiwa na kesi zipo kama arubaini. Tatizo ni majibu marefu: kila zoezi linarudi na maandishi yale yale ya mwalimu, "umeeleza sheria, hukujibu swali". Kinachokosekana ni nini khasa?

Mkunazini
Waalaykumu salaam bibie. Maandishi hayo yana maana moja: kila unachokijua kuhusu mkataba umekimwaga, na wahusika wa mkasa hawamo ndani ya jibu. Chukua zoezi lako la mwisho, hesabu majina ya wahusika yametajwa mara ngapi baada ya aya ya kwanza. Ukikuta mara mbili tatu, umeshajua alama zimepotelea wapi.

Tazama mkasa huu. Hamadi wa Wete anamtumia Fatma wa Mkoani ujumbe: dau langu nakuuzia kwa shilingi 6,000,000. Fatma anajibu, "Nitatoa 5,500,000." Hamadi kimya. Siku mbili baadaye Fatma anaandika, "Haya, nachukua kwa 6,000,000." Dau limeshauzwa kwa mtu mwengine. Mshauri Fatma.

Wengi huanza na "Mkataba ni makubaliano yanayotambuliwa na sheria…" na nusu ukurasa umeshakwenda. Anza na suala, tena lenye majina: je, ujumbe wa Fatma wa 5,500,000 uliliua pendekezo la Hamadi, hata asiweze tena kulikubali? Ndipo uweke kanuni: kukubali lazima kuwe kamili bila ya kugeuza kitu, na pendekezo pinzani, yaani kujibu kwa bei au masharti mengine, huliua la mwanzo. Kesi ni Hyde v Wrench ya 1840: shamba kwa pauni 1,000, mnunuzi akataja 950, muuzaji akakataa, mnunuzi akarudi kwenye 1,000 na mahakama ikasema hapana mkataba. Sentensi tatu zatosha.

Sasa rudi kwa Fatma, na hapa ukae. Fatma hakuuliza kama bei inapungua, alitaja bei yake. Angeandika "Hupunguzi kidogo?" tungekuwa kwenye Stevenson v McLean ya 1880: kuulizia masharti si kukataa, pendekezo linabaki hai, na swali linahamia kwengine kabisa, yaani kama Hamadi alimpa taarifa ya kulifuta kabla hajakubali. Na kimya cha Hamadi je? Felthouse v Bindley, 1862: kimya peke yake hakihesabiwi kuwa kukubali, basi hata zile 5,500,000 hazikuzaa mkataba. Huko kulinganisha maneno ya mkasa na maneno ya kesi ndiko kunakotafutwa. Kwa alama 25 kadiria 3 za suala, 8 za kanuni, 12 za kuitia kanuni kwenye mkasa na 2 za hitimisho. Walimu hutofautiana, lakini hizo 12 ndizo zinazoachwa mezani.

MtuWaGombani
Ahsanta kaka, ila kabla ya hayo kuna mlango mmoja ambao wanafunzi wetu wanauruka: sheria ya upande gani? Mikataba si jambo la Muungano, kwa hiyo Bara na Zanzibar kila upande una sheria yake. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ni ya Bara. Ya hapa Zanzibar ni Dikrii ya Mikataba, Sura ya 149. Vitabu na notsi nyingi zinazopita mikononi zimeandikwa kwa ajili ya Bara, na mtu ananakili bila ya kutazama. Kanuni inaweza kuwa ile ile, lakini sheria uliyoitaja haifanyi kazi Unguja wala Pemba, na msahihishaji ana haki ya kukunyima alama.

Dada, chora jedwali la ukurasa mmoja: somo, sheria ya hapa, sheria ya Bara unayoweza kuichanganya nayo. Adhabu: Sheria Nam. 6 ya 2018. Mwenendo wa jinai: Nam. 7 ya 2018. Ushahidi: Nam. 9 ya 2016. Matumizi ya ardhi: Nam. 12 ya 1992, wala si zile sheria za ardhi za Bara za 1999. Mahakama ya Kadhi: Nam. 9 ya 2017. Mambo 22 ya Muungano katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977 yahifadhi kwa moyo, maana ndiyo yanayokuonyesha mlango. Na kesi za Uingereza alizotaja kaka hapo juu zinashawishi, hazifungi: mahakama ya hapa inaweza kuzifuata, hailazimiki. Liseme hilo kwa sentensi moja.

Jengine: mkasa ukihusu karafuu zinazouzwa baina ya watu binafsi, usikimbilie pendekezo na kukubali. Ununuzi wa karafuu ni wa ZSTC peke yake, yaani Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, kwa hiyo uhalali wa lengo la mkataba unatangulia yote.

BintiChake
Nimeelewa, shukran sana. Na yale ya "Jadili", yasiyo na mkasa?

Mkunazini
Huko wahusika wako ni hoja. Mfano: "Mahakama ya Rufaa ya Tanzania ndiyo kikomo cha kila shauri la Zanzibar. Jadili." Neno la kushika ni "kila". Msimamo uuseme ndani ya mistari minne ya mwanzo: si kila. Kisha utetee: ibara ya 117 ya Katiba ya Muungano inaipa mahakama hiyo mamlaka ya rufaa, lakini kifungu cha 99 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinayatoa nje mashauri ya kutafsiri Katiba ya Zanzibar na yale ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi.

Tarehe nazo ziangalieni. Swali la hadhi ya Zanzibar likija, watu huitaja kesi ya Machano Khamis Ali na wenzake, ambamo Mahakama ya Rufaa ilisema uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi kwa kuwa Zanzibar si dola, kana kwamba imefunga mjadala. Kesi ni ya 2000. Mabadiliko ya Kumi ya Katiba ya Zanzibar, yaliyoandika kuwa Zanzibar ni nchi, ni ya 2010. Atakayeuliza kama "nchi" na "dola" ni kitu kimoja, na kama katiba ya upande mmoja inaweza kuibadilisha hukumu ile, huyo ndiye anayejadili.

MtuWaGombani
Kuhusu muda: saa tatu kwa maswali manne ni dakika 45 kwa kila moja. Dakika 5 kusoma na kupigia mstari, 7 kuchora mpango, 30 kuandika, 3 kupitia. Wiki ya kwanza fanya mipango mitupu, miwili kwa siku, bila ya kuandika jibu. Wiki ya pili jibu kamili moja kwa siku, saa mbele yako, kitabu kimefungwa. Wiki ya tatu karatasi nzima mara mbili, na siku zilizobaki rudia pale ulipokosea. Kesi arubaini ni nyingi mno kwa wiki tatu. Chagua ishirini, kila moja kadi ya mistari minne: jina na mwaka, tukio, kanuni, na kesi inayotofautiana nayo. Huo mstari wa nne usiuache.

BintiChake
Na dakika zikinimalizikia kwenye swali la tatu?

MtuWaGombani
Liache hapo hapo, uende la nne. Alama kumi za mwanzo za swali jipya ni nyepesi kuliko tano za mwisho za swali ulilokwama. Zikibaki dakika kumi, andika suala, kanuni na kesi zake, halafu sentensi mbili zenye majina ya wahusika.