Pikipiki ya cc 2458: inakuwaje inazunguka taratibu kuliko Boxer yangu?

Chikongola_Boxer:

Wakuu, habari za jioni. Naomba mtutoe kwenye ubishi, maana kijiweni kwetu hapa Mtwara mjini tumeshafika kwenye kuwekeana soda.

Juzi imepita pikipiki ya mgeni, Triumph Rocket 3, ikasimama sheli kabla ya kushuka Mikindani. Watu tukajaa. Tairi la nyuma pana kama la gari, mabomba matatu ya moshi yametokeza ubavuni mwa injini, cheni haionekani popote. Mwenyewe akasema ni silinda tatu, ujazo wa injini cc 2458, nguvu za farasi 167. Dereva mmoja wa Noah akacheka, eti hakuna pikipiki ya kuizidi Noah yake ya cc 2000. Tukaingia mtandaoni palepale, akanyamaza.

Sasa kilichonichanganya ni hiki. Tulisoma kwamba farasi zake zote zinatoka kwenye mizunguko 6000 kwa dakika. Boxer 150 yangu inafika kilele kwenye 7500, na ina farasi 12 tu! Dude lenye nguvu namna ile linakuwaje linazunguka taratibu kuliko langu? Halafu nguvu zote hizo zinapita kwenye tairi moja, mbona haimpindui mtu kinyumenyume?

La mwisho, mwenzangu mmoja anaapa hela ya korosho ikitoka ananunua Yamaha VMAX, kwamba ina farasi 200 kwa hiyo Rocket ataiacha inatafuna vumbi. Ni kweli? Naomba wajibu wanaojua injini, si wanaojua picha.

Mnazi_Mmoja:

Mwambie mwenzako alipe kwanza deni la salfa ya mikorosho.

Fundi_Mikindani:

Marahaba kijana, ingawa hukunisalimia.

Mimi nimezeekea kwenye injini za boti na majenereta, pikipiki nimeziingilia ukubwani. Lakini pistoni ni pistoni, iwe baharini au barabarani.

Weka farasi pembeni kwanza, tuangalie msokoto, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha krenki, kile chuma kinachozungushwa na pistoni. Kwa karatasi za kiwandani, Boxer 150 inatoa kama Nm (newtonimita, kipimo cha msokoto) 12 na robo kwenye mizunguko 5000. Rocket inatoa Nm 221 kwenye mizunguko 4000. Pengo la kutisha, sivyo? Haya, gawa kila namba kwa ujazo wa injini yake. Boxer ni cc 144.8, unapata karibu Nm 85 kwa kila lita. Rocket ni lita 2.458, unapata 90. Umeona? Wale wa Triumph hawakuokota uchawi wowote. Petroli ni ileile, hewa ni ileile, na silinda isiyo na turbo haiwezi kuvuta hewa kupita sana ujazo wake. Wao wameongeza chumba tu. Ukijumlisha cc za Boxer 17 ndipo unaifikia injini moja ya yule mgeni.

Farasi ni hesabu nyingine. Chukua msokoto, zidisha kwa mizunguko, gawa kwa 7000, unapata farasi kwa kukadiria. Kwa maana hiyo farasi hupatikana kwa njia mbili: usokote kwa nguvu, au usokote mara nyingi. Boxer yako msokoto wake ni mdogo, lazima ikimbie ndiyo ifikishe hizo 12. Rocket haina haja. Angalia hata ile ya kwanza iliyotoka 2004, Rocket III ya cc 2294: ilikuwa inatoa Nm 200 kwenye mizunguko 2500 tu. Piga hesabu, ni farasi 71. Kwenye mizunguko hiyohiyo Boxer haifiki farasi tano, hapo ndiyo kwanza unatoa klachi.

Na hata wakitaka ikimbie sana, pistoni inakataa. Pistoni ya Rocket ina kipenyo cha milimita 110.2, inajaa kiganja. Yako ni 56. Silinda moja ya Rocket ina cc 819! Pistoni ikifika juu lazima isimame kabisa, igeuke, ishuke, isimame tena, na ukizidisha mizunguko mara mbili, nguvu inayoivuta konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki, inakua mara nne. Ndiyo maana wamefupisha safari ya pistoni ikawa milimita 85.9, fupi kuliko upana wake. Boxer ni kinyume, safari ya 58.8 kwenye upana wa 56.

Kuna namba moja napenda kuwaonyesha vijana wanaodharau mashine zao. Gawa farasi kwa lita. Boxer ni 83 kwa lita. Rocket ni 68. Kati ya hizo mbili, inayokamuliwa ni ya kwako.

Hilo la tairi nitalirudia, naitwa msikitini.

Mpilipili_Lindi:

Mzee kaeleza vizuri, ila mtu asije akadhani cc ndiyo mwisho wa habari. Nimefanya kazi gereji moja Dar kabla ya kurudi nyumbani Lindi, na nimewahi kushika VMAX ya zamani, ile iliyoanza 1985. Ilikuwa cc 1198, silinda nne zimekaa V, na zile za nguvu kamili zilifika farasi kama 145. Kwa miaka ile ilikuwa ni ukorofi mtupu.

Ujanja wake ulikuwa kwenye kupumua. Kila silinda ina kabureta yake, kama kawaida. Ila kati ya njia za hewa za silinda mbili mbili wameweka vipepeo, yaani vibati vya kufunga na kufungua njia. Chini vimefungwa, kila silinda inanyonya kwake, pikipiki ina adabu, unaweza kuipeleka sokoni. Ukifika kama mizunguko 6000 kijimota kidogo kinaanza kuvifungua, mpaka 8000 viko wazi kabisa. Hapo silinda moja inanyonya kwenye kabureta mbili. Tulipoijaribu nje ya mji nilikuwa nimekaa nyuma, na ilipopita 6000 nilimkumbatia fundi mwenzangu kama mchumba. Sauti yenyewe inabadilika, inatoka kwenye kunguruma inaingia kwenye kulia.

Kitu kingine kilichonifurahisha: lile tangi unaloliona mbele si tangi. Ni kifuniko, chini yake kuna chombo cha hewa. Mafuta yako chini ya kiti, uzito ukae chini.

Hiyo ya farasi 200 anayoisema jamaa yako ni ya 2009, cc 1679. Upana wa pistoni 90, safari 66. Kwa sababu safari ni fupi na silinda ni nne ndogondogo, inafika mizunguko 9000. Msokoto wake ni kama Nm 167, mdogo kuliko wa Rocket, lakini inasokota mara nyingi zaidi. Kwa hiyo ndiyo, kwenye karatasi VMAX ina farasi 33 zaidi.

Chikongola_Boxer:

Shikamoo mzee wa Mikindani, nisamehe, nilianza kwa haraka. Na shukrani kaka wa Lindi.

Kwa hiyo mwenzangu kashinda soda?

Fundi_Mikindani:

Marahaba. Usimpe soda bado.

Tairi sasa. Pikipiki haisukumwi na injini, inasukumwa na kile kipande cha mpira kinachogusa lami. Mpira mzuri kwenye lami kavu unaweza kusukuma kwa nguvu inayokaribia uzito uliolalia juu yake. Zaidi ya hapo unateleza, na ukiteleza umepoteza. Sasa Rocket ni kilo 291 kabla ya mafuta, weka mafuta na mtu, sema 390. Hata tukijifanya uzito wote umelalia tairi la nyuma, msukumo wa juu kabisa ni kama newtoni 3800. Kwa msukumo huo unafika kilomita 100 kwa saa baada ya sekunde kama tatu, na hapo kwenye 100 unahitaji farasi kama 144 zinazofika kwenye tairi. Toa kinachopotea kwenye gia na shafti, Rocket inabaki na kama hizohizo.

Maana yake nini? Kutoka kusimama hadi kilomita 100, mwenye uamuzi ni tairi. Injini ina nguvu ya ziada ambayo huwezi kuitumia. Zile farasi 33 za VMAX zinaanza kuonekana baada ya hapo. Kwa hiyo wakitoka pamoja kwenye mataa, anayeshinda ni mwenye mkono mtulivu. Wakiwa tayari kwenye 130 na wote wakakamata mafuta, hapo jamaa yako anaweza kudai soda. Nusu chupa.

Kuhusu kupinduka: gurudumu la mbele linanyanyuka msukumo ukiwa mkubwa wakati uzito uko juu na pikipiki ni fupi. Hizi wamezilaza. Rocket kutoka ekseli hadi ekseli ni milimita 1677, VMAX 1700, injini nzito iko chini. Tairi linateleza kabla mbele haijapaa sana. Na Rocket ya sasa ina kompyuta, inapima magurudumu yote mawili, la nyuma likianza kukimbia kuliko la mbele inabana nguvu yenyewe. Ndiyo maana yule mgeni alikuwa mpole, wala si kwamba anaogopa.

Cheni hukuiona kwa sababu ni shafti, kama ya difu ya gari. Krenki ya Rocket imelala mbele kwenda nyuma, kwa hiyo mzunguko unakwenda hivyohivyo mpaka kwenye gurudumu, unageuzwa mara moja tu. Krenki ya VMAX imekaa kulia kwenda kushoto, lazima ugeuzwe mara mbili. Mimi kama fundi napenda ya Rocket, vipuri vichache vya kulia.

Newala_Juu:

Mzee, heshima kwako. Lakini huku kwetu Boxer inapanda kutoka Masasi na magunia mawili ya korosho na mwenye mali juu yake. Hiyo farasi 12 inawezaje?

Fundi_Mikindani:

Gia, mwanangu. Gia ya kwanza inapunguza mizunguko na kuzidisha msokoto, sproketi inazidisha tena. Ukifika kwenye gurudumu, zile Nm 12 zimekuwa nyingi mno. Unalipa kwa mwendo. Ndiyo maana unapanda mlima wa Newala huku watoto wa shule wanakusalimia na unapata muda wa kuitikia.

Piga hesabu ya mzigo: Boxer, dereva na magunia mawili ya kilo 80, ni kama kilo 350 kwa farasi 12. Kila farasi anabeba kilo 29. Wa Rocket anabeba mbili na kidogo. Hao ni farasi wa maonyesho.

Chikongola_Boxer:

Na kuitumia huku, mzee? Nikipata.

Mpilipili_Lindi:

Ngoja nimsaidie mzee. Lami ya Mingoyo kwenda Nangurukuru utafurahi, ila kila kijiji kina kibao cha 50, na kwa 50 hilo dude linasinzia. Kwa 100 lenyewe linahitaji farasi 15 hadi 20 kukata upepo, zilizobaki umezibeba kama mizigo. Tangi la Rocket ni lita 18, linakunywa lita 6 hadi 7 kwa kilomita 100. Mtwara hadi Dar utajaza njiani mara mbili. Na usiliwekee petroli ya chupa, hiyo wanayochanganya na mafuta ya taa. Mgandamizo wake, yaani jinsi pistoni inavyoshindilia hewa na petroli, ni 10.8 kwa 1, litagonga mpaka utoe machozi.

Tairi la nyuma ni la saizi 240/50 inchi 16. Muulize muuza vipuri wa hapo Chikongola kama analo.

Chikongola_Boxer:

Nimemuuliza. Kaniuliza kama ni la trekta.

Newala_Juu:

Na mchanga wa Msimbati je?

Fundi_Mikindani:

Kilo 300 na ushee, tairi la lami, mchanga mpaka kwenye rimu. Utahitaji vijana wanne na mbao. Injini haitakusaidia chochote, hesabu ni ileile niliyoandika juu: mchanga haushiki, kwa hiyo hata ukiwa na farasi elfu, tairi litachimba tu. Boxer yenye tairi jembamba unaishuka, unaisukuma kwa mkono huku iko gia ya kwanza, unapita.

Mwenye Noah mwambie aje Mikindani nimwonyeshe krenki ya jenereta.