Mjadala: Je, Blu-ray inastahili bei yake kwa mtazamaji wa Mwanza?

Ndugu zangu, hoja iliyo mbele yetu imeletwa na wawili. Mwenzetu wa Kirumba anasema kwamba mpenzi wa kweli wa filamu hana sababu ya kuendelea kununua DVD, kwa kuwa picha ya Blu-ray, diski ya filamu iliyokuja baada ya DVD, ina nukta (vitone vidogo vinavyounda picha) mara tano ya zile za DVD. Mwenzetu wa Igoma anamjibu kwamba hayo ni maneno ya wauzaji tu, na kwamba jicho la binadamu haliioni tofauti hiyo. Kwa maoni yangu, wote wawili wameruka swali la kwanza: runinga yako ni ya inchi ngapi, na kochi lako liko umbali gani?

Hesabu ya mara tano ni sahihi. Picha ya DVD ya mfumo wa runinga uitwao PAL ina nukta 720 kwa 576, na ya Blu-ray ina 1920 kwa 1080. Hata hivyo, jicho lenye afya lina kikomo chake. Kwenye runinga ya inchi 32, ili jicho liweze kuitenganisha mistari yote 1080 ya nukta, inakupasa ukae kama mita moja na robo kutoka kwenye kioo. Ukirudi nyuma kupita mita mbili na nusu, hata ile mistari 576 ya DVD huwa imeshakuwa myembamba mno kwa jicho kuitenganisha, na faida ya Blu-ray haionekani. Sebule nyingi ninazoingia huku Nyakato zina makochi yaliyoegemezwa ukuta mmoja na runinga ukuta wa pili, mita tatu kamili. Mwenye sebule ya namna hiyo na runinga ya inchi 32 namshauri bila kusita asinunue Blu-ray. Kwenye inchi 55 mambo hubadilika kabisa, kwa sababu kikomo cha DVD husogea hadi mita nne hivi, na aliyekaa mita tatu ataiona tofauti bila kuelekezwa. Niliiona mwenyewe kwa jirani yangu, katika filamu ya wanyama: manyoya ya simba ambayo kwenye DVD yalikuwa doa moja la rangi ya kahawia yalionekana unywele mmoja mmoja.

Lipo jambo jingine linalonikera katika mjadala huu, nalo ni kwamba wengi wetu tunaihukumu DVD kwa zile diski za mtaani zilizosongwa filamu kumi na mbili. DVD yenye tabaka moja la data hubeba GB 4.7, zigawe kwa kumi na mbili, kila filamu inabakiwa na chini ya MB 400. Picha ikibanwa kiasi hicho lazima ivunjike vipande vipande kila mtu anapokimbia. Kuilinganisha diski hiyo na Blu-ray yenye GB 25 au 50 kwa filamu moja si haki. Anayetaka kupima ailinganishe na DVD halisi yenye filamu moja, na atashangaa jinsi DVD ilivyo nzuri.

Tena, diski haiwezi kutoa kilichokosekana tangu kamera ilipowashwa. Filamu iliyopigwa kwa mkanda wa milimita 35, hata kama ni ya miaka ya 1960, ina undani ambao DVD haiwezi kuubeba, na hapo Blu-ray hulipa gharama yake. Filamu iliyorekodiwa kwa kamera ya video ya ubora wa kawaida, kama zilivyokuwa nyingi za kwetu za miaka ya 2000, haitapata nukta hata moja mpya.

Kwa wale wanaoagizia diski kupitia ndugu walio nje, kuna hasara nataka waiepuke. Blu-ray imeigawa dunia katika kanda, yaani maeneo, na deki ya kanda moja hukataa diski iliyofungiwa kanda nyingine. Tanzania imo katika kanda B pamoja na Uingereza, wakati Marekani imo kanda A. Mjomba wangu aliletewa diski sita kutoka Marekani, na deki yake ikakataa karibu zote. Diski za 4K, zenye nukta nyingi kuliko Blu-ray ya kawaida na zilizoanza kuuzwa mwaka 2016, hazina kufuli hilo la kanda, ingawa zinahitaji deki yake maalumu.

Kuhusu hoja ya wanaosema kwamba bando la intaneti limemaliza haja ya diski, sikubaliani nayo. Filamu ya mtandaoni yenye ubora wa 1080 inaweza kula GB 3 kwa saa, na bado imebanwa kuliko ile ya diski. Anayependa kuirudia filamu moja mara kumi hulipia bando mara kumi, ilhali diski ameinunua mara moja.

Msimamo wangu, basi, ni kwamba mwenye inchi 50 na kuendelea anunue Blu-ray kwa zile filamu chache atakazozirudia, na nyingine aendelee nazo kwa DVD, kwa kuwa deki za Blu-ray kwa kawaida huzicheza pia. Anayepinga namwomba atutajie ukubwa wa runinga yake na umbali anaokaa, ili tujue tunabishana juu ya picha ileile.