Mjadala: Anayevuka chini ya daraja la waenda kwa miguu amekosa adabu, au daraja ndilo limekosewa?

Mwanzisha mjadala, Manyatta, Kisumu

Ndugu zangu, kila mtu anapogongwa akivuka barabara kubwa katika miji yetu ya magharibi, madai huwa ni yale yale. Pasipo na daraja la juu, watu hudai lijengwe upesi. Palipo na daraja, hudai wanaopita chini yake wakamatwe na kupelekwa mahakamani. Mimi naleta hoja nyingine na naomba tuijadili kwa utulivu. Nasema kwamba katikati ya mji, mahali kama Kondele na Kibuye hapa Kisumu, daraja la juu hujengwa kwa faida ya gari, na anayeligharimia kwa magoti na kwa muda wake ni mwenda kwa miguu.

Tupige hesabu. Ili lori refu lipite chini bila kugusa, sakafu ya daraja huhitaji kuwa juu kwa mita 5 na ushei, hivyo mtu hupanda vidato kama 30 na kuteremka vingine kama hivyo. Tukitaka kiti cha magurudumu nacho kipande, kipimo kinachokubalika ni kupanda mita 1 kwa kila mita 12 za mwendo, maana yake daraja la kimo cha mita 5.5 linahitaji njia ya mteremko yenye urefu wa mita 66 kila upande. Barabara yenyewe huenda ina upana wa mita 15. Basi mama anayetoka sokoni Kibuye na beseni la omena kichwani na mtoto mgongoni anaambiwa atembee karibu mita 150 ili avuke mita 15, kisha akikatiza tunamwita mkaidi.

Barabara humwelekeza mtu kabla ya askari kufika. Barabara pana, iliyonyooka, isiyo na kitu cha kumzuia dereva, humkaribisha aongeze mwendo hata kama kibao kinaonyesha 50, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa na Sheria ya Trafiki ndani ya miji. Mwenda kwa miguu naye ana alama zake. Ukiona ukingo wa katikati ya barabara umekanyagwa mpaka nyasi zimekufa, na kando ya ukingo huo mtu asiyejulikana ameweka jiwe liwe kidato cha wazee na wenye mizigo, ujue kwamba hapo ndipo watu wanapohitaji kuvukia, na mhandisi anayelipita jiwe hilo bila kusimama ameacha utafiti wa bure.

Ninachopendekeza ni kivuko kilichoinuliwa: sehemu pana ya barabara iliyopandishwa mpaka ikalingana na njia ya miguu, yenye miteremko laini pande zote mbili, rangi inayoonekana, na taa usiku, huku njia za magari zikibanwa kidogo kabla ya kufika hapo. Lengo ni gari lishuke mpaka kilomita 30 kwa saa. Nguvu inayobebwa na gari hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo gari la kilomita 30 hubeba nguvu inayozidi kidogo tu theluthi moja ya nguvu ya gari lile lile likiwa kwenye 50. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtu atalala wodini au mochari.

Dereva wa matatu, njia ya Kisumu–Kakamega

Nimekusoma kwa makini, ndugu, na yapo nisiyoyapinga. Hakuna dereva anayependa kugonga mtu. Lakini uliyoyaandika umeyaandika ukiwa umesimama kando ya barabara, nami nataka uyaone ukiwa umeshika usukani.

Tuta tunalijua. Kwetu tuta hujengwa leo na rangi yake hufutika kabla ya mvua ya pili, halafu usiku unalikuta gizani ukiwa na abiria 14. Ukifunga breki ghafula, wa nyuma anakuingia; usipofunga, unavunja springi na pengine shingo ya abiria wa kiti cha nyuma kabisa. Madereva wa malori watakueleza zaidi, kwa sababu pale wanapolazimika kwenda taratibu usiku ndipo vijana wanaporukia mizigo. Halafu kumbuka ambulansi. Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado tunaiita Russia, iko njia hiyo hiyo ya Kondele. Je, mama anayevuja damu akiletwa kutoka vijijini apitishwe kwenye matuta mangapi kabla ya kufika kwa daktari?

Mwalimu mstaafu, Nakuru

Naunga mkono hoja ya dereva, na naongeza jambo ambalo mwanzisha mjadala amelikwepa, nalo ni nidhamu. Wengi wenu mnakumbuka kanuni za matatu za John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilipoanza kutekelezwa Februari 2004. Matatu zilipakwa mstari wa manjano, zikafungwa mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na abiria wa kusimama wakatoweka. Nchi nzima ilibadilika kwa muda mfupi kwa sababu serikali ilisimama imara. Watu wale wale tuliodhani hawafundishiki walifunga mikanda.

Na kama mnataka tuzungumzie usanifu, basi uwe usanifu usioomba ruhusa. Tarehe 31 Desemba 2017, basi lililotoka Busia liligongana na lori pale Migaa, karibu na Salgaa kwenye barabara kuu ya Nakuru–Eldoret, na watu 36 wakapoteza maisha. Usafiri wa usiku wa magari ya abiria ulipigwa marufuku mara moja. Kilichobaki hadi leo, hata hivyo, ni ukuta wa zege uliojengwa baadaye kuyatenga magari yanayopanda na yanayoteremka. Ukuta haubembelezi mtu, na haupokei hongo. Jengeni daraja Kondele, zungusheni uzio mrefu kando ya barabara, na hakutakuwa na wa kukatiza.

Mwanzisha mjadala

Shikamoo, mwalimu. Mifano yako ni mizuri, na ndiyo inayonipa nguvu ya kuendelea, kwa sababu naiona upande wangu kuliko upande wako.

Tuzitazame kanuni za Michuki kipande kwa kipande. Kidhibiti mwendo ni kifaa kilichofungwa garini. Mstari wa manjano ni alama inayoonekana kutoka mbali, na viti 14 vilivyofungwa sakafuni ni hesabu ambayo hata mtoto anaweza kuikagua. Hayo yote ni maamuzi ya usanifu. Mkanda ndio ulioachwa mikononi mwa abiria na macho ya askari, na leo ukiingia kwenye matatu nyingi unaukuta umejaa vumbi, au umekatika, au umefichwa chini ya kiti. Kilichotegemea askari peke yake kilichoka askari alipochoka.

Kuhusu Salgaa, tunakubaliana kabisa: pale ukuta unaokoa maisha. Lakini ukuta wa Salgaa hutenga gari na gari kwenye mteremko mrefu ambako watu wachache wana haja ya kuvuka. Uzio wa Kondele utatenga soko na hospitali, nyumba na shule, steji ya kwenda na steji ya kurudi. Haja ya kuvuka haitaisha kwa sababu tumeweka chuma. Barabara Kuu ya Thika ilifunguliwa mwaka 2012, ikawekwa madaraja ya juu na vizuizi, na bado watu huonekana wakivuka chini, penye magari yanayokwenda kasi zaidi. Ndiyo maana naogopa daraja la mjini kuliko ninavyoogopa kukosa daraja: dereva akishaambiwa kwamba waenda kwa miguu wako juu, hatarajii tena kumkuta mtu chini, na yule anayevuka chini hukutana na gari lisilomtarajia.

Mwaka 1997 bunge la Sweden lilikubali msingi kwamba vifo vya barabarani visihesabiwe kuwa kosa la mtumiaji pekee, na kwamba anayechora barabara ana wajibu wa kuichora akijua watu hukosea. Watu wa huko hawana adabu kutuzidi sisi. Walikubali tu kwamba mtoto wa miaka saba hawezi kukadiria mwendo wa gari, wala mlevi, wala mtu aliyechoka, na barabara ikawa na deni kwao.

Mchuuzi wa Kibuye

Nimefuatilia na nitasema machache. Hakuna aliyetaja usiku. Ngazi za daraja zikiwa na giza, mwanamke hapandi, kwa sababu juu pale hakuna pa kukimbilia, ni mbele au nyuma tu. Sisi tunafunga biashara jua limeshazama, tukiwa na pesa za siku nzima kiunoni. Afadhali nipambane na magari ninayoyaona.

Pia tusidanganyane kuhusu rangi. Kivuko cha mistari myeupe kikiwa barabarani bila kitu kingine, gari halisimami. Unasimama pale na mzigo, dereva anakupigia honi wewe.

Mkazi wa Nyalenda, mtumiaji wa kiti cha magurudumu

Ibara ya 54 ya Katiba inanipa haki ya kufika kila mahali kwa njia inayofaa, na usafiri wa umma umetajwa humo waziwazi. Daraja la ngazi tupu limenitoa nje ya mji. Kwa hiyo nakubaliana na kivuko cha chini, ila nawaomba muangalie mahali kinapoishia. Mara nyingi ninavuka salama halafu nakuta mdomo wa njia ya miguu umezibwa na bodaboda zilizopangwa zikisubiri abiria, au meza ya viatu vya mitumba, au kijiguzo cha saruji kilichowekwa kuzuia pikipiki ambacho kimemzuia mtu wa kiti na kuiacha pikipiki ipite. Kijiguzo hicho kilichorwa na mtu aliyewaza gari tu. Mapengo yakipimwa vizuri, pikipiki itakuwa na kazi ya kujipenyeza na mimi nitapita.

Dereva wa matatu

Dada wa Kibuye, la honi nimelisikia, na nakiri kwamba wengi wetu hatusimami. Sababu moja ni kwamba ukisimama peke yako kwenye njia mbili, anayekupita pembeni hamwoni mvukaji, na wewe ndiye uliyemwita avuke akagongwe. Nililotaka kujua kwa mwanzisha mjadala ni hili: hicho kivuko chako kinatofautianaje na tuta?

Mwanzisha mjadala

Swali lako ndilo kiini. Tuta letu la kawaida ni jembamba na lenye mgongo mkali, ndiyo maana linakurusha. Kivuko kilichoinuliwa ni kipana na bapa juu, gari zima linapanda na kusimama juu yake, na kimo chake ni kama sentimita 10 tu. Ukija kwa 30 hukioni adha. Ukija kwa 60 utakijua. Ambulansi nayo hupita bila kumrusha mgonjwa. Na hatari uliyoitaja ya njia mbili ni ya kweli kabisa, ndiyo maana njia hubanwa iwe moja kila upande pale kivukoni, ili asiwepo wa kukupita pembeni.

Naona tulipokwama ni kwingine. Barabara inayopita Kondele ni njia kuu ya kwenda Kakamega na papo hapo ni mtaa wa soko. Tangu Sheria ya Barabara ya Kenya ya 2007, njia kuu za kitaifa ziko mikononi mwa KeNHA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu, na kaunti, ambayo ndiyo inayosimamia masoko na wachuuzi, haiamui upana wake. Mmoja anapima muda wa lori kufika mpaka wa Busia au Malaba, mwingine anapokea mazishi. Ningependa tudai majaribio kwanza, kivuko kimoja karibu na lango la Russia, kijengwe kwa vizuizi vya muda vinavyoweza kuondolewa, na wanaovuka na mwendo wa magari vihesabiwe kabla na baada, mchana na usiku, na hesabu zibandikwe hadharani.

Mwalimu mstaafu, Nakuru

Sijashawishika kuhusu nidhamu, lakini majaribio ya namna hiyo siwezi kuyapinga. Sharti langu ni kwamba watakaohesabiwa wawe pia wale wanaovuka mita chache kando ya kivuko, kwa sababu watakuwepo.

Dereva wa matatu

Na langu ni taa ziwake kuanzia siku ya kwanza, vibao viwekwe mapema kabla ya kivuko, na steji ya bodaboda ihamishwe ili nimwone mtu kabla hajashuka barabarani. Mkiyaweka hayo, mimi nitasimama, na kwenye sacco yetu nitalizungumza.