Besi ya marehemu baba mdogo: nitajuaje ni ya mwaka gani kabla haijauzwa?

NyarKondele (Kisumu)

Wadau, habari zenu. Baba mdogo alikuwa mpiga besi wa benga, ule muziki wa magitaa wa Waluo, miaka ya sabini, akizunguka na bendi kutoka hapa Kisumu hadi Homa Bay na Migori. Alifariki mwaka jana, na sasa mama mdogo amenikabidhi gitaa lake nimtafutie mnunuzi. Kuna dalali ameshaliona. Anadai ni la kuiga, la Japani, na ametoa elfu kumi na tano. Fundi mmoja hapa Kondele naye anataka alikwangue rangi yote na kulipulizia upya ling'ae, ndipo nipandishe bei.

Mwili umepakwa rangi nyeupe ya mafuta, ile ya milango, mistari ya brashi bado inaonekana. Pale mkono ulipokuwa ukiegemea, nyeupe imelika, na chini yake naona weusi unaofifia kuwa kahawia kisha manjano. Kichwani hakuna jina, kumebaki alama ya stika iliyobanduka. Funguo za kukazia nyuzi ni nne, zote upande mmoja. Nyuma, shingo inaposhikana na mwili, kuna bamba la chuma lenye skrubu nne, herufi F kubwa na nambari ya tarakimu sita. Urefu wa uzi, toka kile kipande cheupe cha juu hadi kwenye briji, kile chuma cha chini kinachoshikilia nyuzi, ni kama sentimita 86.

Hiki ni kitu gani? Na huyo fundi wa rangi nimruhusu?

MzeeWaBesi (Nakuru)

Pole kwa msiba, dada. Fundi wa rangi asiliguse. Nakuomba sana. Huo weusi unaofifia hadi manjano unaweza kuwa rangi ya kiwandani, na ikishakwanguliwa hairudi. Wanunuzi wengi wa magitaa ya kale hukata karibu nusu ya bei wakikuta rangi mpya, hata ipendeze vipi.

Sentimita 86 na kidogo ni inchi 34. Hicho ndicho kipimo alichotumia Leo Fender, mtengenezaji magitaa wa Marekani, kwenye besi yake ya Precision Bass ya 1951, na Jazz Bass ya 1960 ikakifuata. Kwa hiyo Höfner 500/1, ile ya umbo la fidla, tuitoe kwenye hesabu, kwani hiyo ni inchi 30. Ila Wajapani walipoiga Fender waliiga na urefu, kwa hiyo dalali wako bado hajashindwa.

Bamba la F kubwa lilikuja baada ya kampuni ya CBS kuinunua kampuni ya Fender Januari 1965, likatumika hadi 1976. Nambari yake itakupa miaka ya kukisia tu, kwa sababu mabamba yalichotwa kiwandani bila kufuata mpangilio. Tena bamba ni skrubu nne. Mtu analihamishia gitaa lingine kabla chai haijapoa. Ushahidi uko ndani.

Legeza nyuzi zote kwanza. Tumia bisibisi ya nyota inayojaa vizuri kwenye skrubu, na piga picha kila hatua. Fungua plastiki ya mbele usome maandishi nyuma ya poti za sauti, yaani vile vifaa vya kuzungusha vinavyopandisha na kushusha sauti. Kisha toa shingo uangalie mwisho wake, ile sehemu inayojificha ndani ya mwili. Tuambie pia pikapu, vile vifaa vya sumaku chini ya nyuzi vinavyonasa sauti, ziko ngapi.

FundiLehemu (Kakamega)

Niongeze hapo kwenye poti, maana kazi yangu ni redio na amplifaya. Ukiona nambari inaanza na 137, hiyo poti ni ya kampuni ya CTS. Ikianza na 304 ni Stackpole. Zinazofuata, mbili ni mwaka na mbili ni wiki. Halafu angalia lehemu yenyewe: ya zamani ambayo haijaguswa huwa imefifia, kijivu, imetandazwa kidogo tu. Ukiona donge linalong'aa, mtu alipita hapo. Usiyeyushe chochote hata kama waya unaning'inia.

NyarKondele

Nimefungua, mama mdogo akinishikia tochi. Pikapu ni moja, imekatwa vipande viwili, kimoja kimesogea mbele ya kingine. Nyaya zake zimeungwa kwa mkanda mweusi wa umeme. Poti ya sauti imeandikwa 137 6632 na lehemu yake ni ya kijivu. Ile nyingine haina nambari yoyote na ina donge linalong'aa. Mwisho wa shingo kuna muhuri wa wino: 5 AUG 68 C. Kwa hiyo ilitengenezwa tarehe 5 Agosti?

Kijana_Manyatta

6632 ni wiki ya 32 mwaka 1966! Dada, hiyo ni besi ya 1966, mwambie dalali alete laki tano.

MzeeWaBesi

Pole pole, ndugu. Poti inakwambia gitaa haliwezi kuwa la kabla ya hapo, basi. Mwaka 1966 Fender walinunua poti nyingi mno, na poti hizo zinakutwa kwenye magitaa hadi ya 1969. Shingo ya 1968 na poti ya 1966 vinapatana kabisa.

Dada, hiyo 5 si tarehe. Ni nambari ya aina ya gitaa, na 5 ni Precision Bass. AUG 68 ndio mwezi na mwaka wa shingo. C ni upana wa shingo pale juu, inchi moja na robo tatu. Pikapu iliyokatwa vipande viwili ndiyo ya Precision tangu 1957. Wino, poti, bamba na umbo, vyote vinasema neno moja. Mimi nasema ni Precision halisi ya 1968 au baada kidogo, yenye poti moja iliyobadilishwa, na huenda pikapu pia. Mnunuzi mwambie hayo yote wazi.

JaSiaya

Mimi naongelea upande mwingine. Kwenye benga besi haikai nyuma, inajibizana na gitaa la solo kama nyuzi za nyatiti, kinubi cha Waluo, zinavyojibizana. Gitaa lililofanya kazi hiyo miaka yote lina historia, na historia ikiwa na ushahidi ina bei. Ulizia picha. Picha ya mzee jukwaani kabla ya rangi nyeupe inaweza kuonyesha hata ile stika.

NyarKondele

Ipo! Ilikuwa ndani ya Biblia ya mama mdogo. Baba mdogo amevaa suruali bwanga, besi ina rangi yake ya mwanzo, na kichwani herufi F ya jina inasomeka. Mama mdogo ameitazama kwa muda mrefu, kisha akasema dalali aambiwe haiuzwi kwanza. Binamu yangu anapiga besi kanisani na anataka kuitumia. Tatizo, nyuzi ziko juu sana, shingo imepinda kuelekea mbele. Inarekebishika?

FundiLehemu

Inarekebishika. Kwenye Precision za wakati huo, nati ya kile chuma cha ndani ya shingo iko mwisho wa shingo, palepale kwenye muhuri. Toa shingo tena, kaza robo mzunguko tu kuelekea kulia, irudishe, kaza nyuzi, iache ilale hadi kesho ndipo upime. Ikigoma, usilazimishe, hesi ya nati ikikatika ni hasara kubwa.

Na kwa joto la Kisumu isikae juu kabatini karibu na mabati. Ilaze ndani ya kesi, chumba cha chini, mbali na dirisha, na nyuzi zifutwe jasho kila akimaliza kupiga.